Wangari Bado Yuko Ndani?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilisimamishwa njiani na kijana mmoja anayeuza mitumba hapa mjini. Aliitambua sauti yangu, tukasalimiana, kisha akaniuliza: "Mzee, wewe kila siku unatuhimiza tusome vitabu. Sasa hadithi ya kubuni itanisaidia nini mimi, ambaye leo nimetoka nyumbani bila chai?" Nilitaka kumjibu palepale, lakini niliona jibu la haraka lingekuwa la kumdanganya. Nikamwambia asubiri kipindi. Kwa hiyo leo namjibu, nawe uwe shahidi.

Nitamjibu kwa habari ya kitabu kimoja, na hasa kwa habari za watu waliokisoma. Tukizungumzia vitabu huwa tunamsifu mwandishi au tunamlaumu mwandishi, na msomaji tunamsahau. Kitabu chenyewe kinachekesha, lakini kicheko chake ni kichungu. Kiliandikwa kwa Kigikuyu kwa jina la Caitaani Mutharaba-ini, na mwaka 1982 kikatoka kwa Kiswahili kikiitwa Shetani Msalabani. Mwandishi wake ni Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki dunia huko Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Tuanze na namna kilivyozaliwa. Julai 1977, Ngugi alitoa riwaya kubwa kwa Kiingereza, Petals of Blood, iliyowashutumu vikali wakubwa waliojinufaisha na uhuru. Serikali haikumgusa. Kitabu kilizinduliwa na Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha. Miezi michache baadaye wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamiriithu, kule Limuru, wakaanza kuigiza wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ambao Ngugi aliutunga pamoja na Ngugi wa Mirii. Maneno yalikuwa yaleyale ya siku zote, ila safari hii hata mama asiyejua kusoma aliyaelewa. Novemba mwaka huo kibali cha mchezo kikafutwa. Mwishoni mwa Desemba Ngugi akachukuliwa nyumbani kwake usiku, akatiwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Huko akaandika Caitaani Mutharaba-ini juu ya karatasi ya msalani, maana karatasi nyingine ya kuandikia hadithi hakuwa nayo.

Sasa sikiliza habari ya msomaji wa kwanza. Siku moja askari walipekua chumba chake wakayabeba maandishi yote. Ngugi alikaa kama wiki tatu akiamini kazi yake imepotea. Kisha yule mkubwa wa gereza akamrudishia. Kama Ngugi mwenyewe alivyosimulia baadaye, ofisa yule alisema haoni ubaya wowote ndani yake, ila tu Kigikuyu chake ni kigumu mno! Ndugu msikilizaji, kitabu kinachowaita matajiri wa nchi wezi na wanyang'anyi kilipita mikononi mwa mlinzi wa gereza la serikali, naye akalalamikia msamiati. Mimi sijui kama hakuelewa au alielewa vizuri sana. Wako wasomaji wa aina zote mbili.

Ngugi alifunguliwa tarehe 12 Desemba 1978, baada ya kifo cha Mzee Kenyatta. Kitabu kikatoka Aprili 1980.

Kwa wale ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Binti mmoja, Jacinta Wariinga, anafukuzwa kazi Nairobi kwa kuwa amemkataa bosi wake. Mpenzi wake anamwacha, mwenye nyumba anamtupia vyombo nje. Anapanda matatu bovu kuliko yote nchini kwenda Ilmorog, na ndani yake anakutana na abiria wengine, miongoni mwao mwanamke wa shamba aitwaye Wangari. Huko Ilmorog kuna mashindano pangoni. Wanatafutwa mabingwa 7 wa wizi na unyang'anyi wa kisasa, na wageni wa heshima wametoka nchi za ng'ambo. Kila mshindani anapanda jukwaani kujisifu namna anavyoiba, na namna anavyokusudia kuiba kesho. Mmoja anapanga kuuza udongo kidogo kidogo na kufunga hewa kwenye makopo, ili maskini anunue hata pumzi. Mwingine anataka kiwanda cha viungo vya binadamu, tajiri awe na midomo miwili, matumbo mawili na mioyo miwili. Wa tatu ana mpango wa kukamua jasho, damu na ubongo wa wafanyakazi kwa mashine, na kuvisafirisha nje kwa mabomba kama mafuta.

Wenye kiwanda cha vitabu walichapa nakala 5,000, wakitegemea zingechukua miaka kadhaa kumalizika. Zilikwisha ndani ya mwezi mmoja. Wakachapa 5,000 nyingine, na kabla ya mwaka kwisha wakachapa 5,000 tena. Nakala 15,000 kutoka Aprili hadi Desemba! Mchapishaji huyo alikiri kwamba hata riwaya ya Kiingereza haijapata kumwendea hivyo nchini Kenya kwa muda kama huo.

Lakini hesabu ya nakala haitoshi, maana wengi waliokipenda kitabu hiki hawakukishika kabisa. Ngugi ameeleza jinsi familia zilivyokusanyika jioni, mmoja anayejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Kilisomwa ndani ya mabasi na teksi. Na katika mabaa wakazuka wasomaji wa kazi hiyo hasa. Msomaji anasoma, watu wamenyamaza, akifika mahali patamu anatazama glasi yake, anaiona tupu, anakifunga kitabu. Wateja wanampigia kelele mwenye baa: mwongezee bia huyu! Glasi ikijaa, hadithi inaendelea hadi glasi itakapokauka tena.

Kutoka mabaa ya Gikuyu sasa nikupeleke kwetu Itiryo, wilayani Tarime, mkoani Mara. Ukisimama kwenye vilima vyetu, Kenya haiko mbali. Sisi Wakurya tuko pande zote mbili, na mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya ukoo mmoja. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, serikali yetu ilifunga mpaka huo, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Ulifungwa barabarani. Mahari, misiba na ng'ombe viliendelea kupita porini.

Mwaka 1984 nilikuwa darasa la sita. Mwalimu mmoja aliyepanga chumba nyumbani kwa baba mkubwa wangu alirudi kutoka upande wa pili na kitabu chenye jalada lililofunikwa kwa gazeti. Ilikuwa Shetani Msalabani. Jioni wazee walikuwa na desturi ya kukaa kwa baba mkubwa kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwalimu akaomba awasomee. Kurasa chache tu macho yake yalishindwa na kibatari, nikaitwa mimi. Nikawa nasoma Kiswahili, yeye anageuza kwa Kikurya. Kwa hiyo kitabu kilichotungwa kwa Kigikuyu gerezani kilifika kwa wazee wa Itiryo kwa lugha ya tatu, kupitia kinywa cha mtoto.

Siku ya kwanza nusura tuishie kwenye jina. Alikuwapo katekista mmoja, mtu mpole, ambaye alisimama akasema msalaba ni wa Bwana Yesu, na mwenye kumweka shetani pale amekufuru. Mwalimu hakubishana. Aliniambia nisome ndoto ya Wariinga, ambamo watu wenye matambara wanamsulubisha Shetani, na siku ya tatu wanakuja watu wa suti na tai kumteremsha. Katekista alisikiliza, akakaa, akashika mrija wake. Baada ya kitambo akasema, "Hao wa suti nawafahamu." Hakukosa jioni hata moja baada ya hapo.

Usiku wa mashindano ya wezi ulikuwa wa kicheko. Anaanza mshindani mmoja aliyevaa vibaya, Ndaaya wa Kahuria, anasema yeye ni mwizi wa vitu vidogo vidogo, huiba kwa sababu ana njaa. Waheshimiwa wanachukizwa, wanamtupa nje. Wazee walicheka hadi mirija ikawatoka midomoni. Kwetu wizi wa ng'ombe ni jambo la damu, hakuna aliyeuchezea, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia kwamba wizi nao una vyeo. Mzee mmoja alisema basi vijana wetu wanaouawa kwa ajili ya ndama wamekosea mlango, wangevaa tai kwanza.

Tulipofika kwenye mabomba ya kusafirishia damu, mtu akauinua mrija wake juu akauliza kama na sisi tumo. Ukumbuke, ndugu msikilizaji, kwamba wazee wale walikuwa wamehubiriwa kuhusu kupe na mirija tangu Azimio la Arusha la 1967. Walikuwa wanazijua picha za tajiri mwenye kitambi anayenyonywa na kunyonya. Walicheka kwa raha kwa sababu wezi waliosomewa walikuwa wa Kenya. Sisi tulikuwa upande wa wema.

Raha hiyo iliharibiwa na kijana mmoja aliyekuwa amerudi likizo kutoka jeshini. Aliuliza, "Na huku kwetu, mashindano yanafanyika pango gani?" Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya vita dhidi ya wahujumu uchumi, aliyoiongoza Waziri Mkuu Sokoine mwaka 1983. Sukari na sabuni zilikuwa zimekutwa chini ya vitanda vya watu, wadogo na wakubwa, na kila kijiji kilikuwa na minong'ono kuhusu nani alikamatwa na nani alionywa mapema. Mwenye duka mmoja aliyekuwa nasi akakumbuka kwamba ameacha mlango wake wazi, akaaga. Tulisikia hatua zake zikienda haraka gizani. Kicheko kilirudi, lakini sasa kila mtu alimtazama jirani kabla ya kucheka.

Kisha tukafika kwa Wangari. Huyu mama, alipoyaona mashindano yale, alifanya ambalo raia mwema hufundishwa kufanya. Alikwenda polisi kuripoti kwamba wezi wote wa nchi wamekusanyika mahali pamoja. Polisi wakaja kweli. Wakamkamata Wangari.

Nilisoma mstari huo nikitegemea kicheko, maana kwa akili yangu ya kitoto ulikuwa mahali pa kuchekesha kupita pote. Hakucheka mtu. Mwalimu alimaliza kugeuza kwa Kikurya, akatazama chini. Wote walikuwa wanaepuka kumtazama baba mkubwa.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari ambayo sisi watoto tulifichwa. Miaka mitatu nyuma ng'ombe wake wanne waliibwa. Yeye na majirani walifuata nyayo hadi kwenye boma la mtu mmoja mwenye nafasi. Hawakuingia kwa mapanga. Baba mkubwa aliwazuia vijana, akaenda kuripoti kwenye kituo ambacho sitakitaja. Waliwekwa ndani yeye na nyayo zake, kwa kosa la kumsumbua mtu mwenye heshima. Alilala huko siku mbili. Ng'ombe mmoja kati ya waliobaki akauzwa ili atoke. Sisi tuliambiwa amesafiri.

Alisimulia taratibu, bila kupandisha sauti. Kisha akanigeukia, akauliza, "Wangari bado yuko ndani?"

Nikamjibu kwa ujuzi wote wa darasa la sita kwamba ile ni hadithi tu, Wangari hayupo.

Akasema, "Sikukuuliza kama yupo. Nimekuuliza kama bado yuko ndani."

Kitabu kilisonga mbele kikarudi kwa Wariinga, ambaye baadaye anakuwa fundi wa magari na mwishowe anashika bastola. Wazee walimpenda. Lakini baba mkubwa alibaki na Wangari, na kila jioni alianza kwa swali lile lile.

Kwa miaka mingi nilidhani swali hilo ni la mtu ambaye hakusoma, asiyetofautisha hadithi na habari. Kisha nikapata kujua lililotokea Nairobi.

Ngugi alikuwa London katikati ya mwaka 1982, kwa ajili ya kuzindua tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hiki hiki, alipopelekewa habari kwamba akirudi nyumbani atakamatwa. Akabaki uhamishoni, asikanyage Kenya hadi mwaka 2004. Huko ugenini akaandika riwaya nyingine kwa Kigikuyu, Matigari, iliyotoka Oktoba 1986. Mhusika wake ni mtu anayetoka msituni akidai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Ndani yake, mimi mtu wa redio nakiri hili kwa aibu kidogo, iko redio ya serikali iitwayo Sauti ya Ukweli, ambayo kazi yake ni kutangaza uongo.

Kama Ngugi alivyoeleza, kufikia Januari 1987 wapelelezi walikuwa wakileta taarifa kwamba wakulima wa sehemu za kati za Kenya wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari, anayepita akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Amri ikatoka akamatwe. Polisi wakamtafuta, wakagundua kwamba anaishi kitabuni. Basi Februari 1987 wakaingia katika maduka ya vitabu wakakamata nakala zote. Kwa muda wa miaka kama 10 riwaya hiyo haikuuzwa nchini humo.

Watu wengi wakisikia kisa hiki huwacheka polisi. Mimi nilipokisikia nilimkumbuka baba mkubwa. Mzee wa Itiryo asiyejua kusoma na serikali yenye wasomi wa vyuo vikuu walifanya jambo moja: wote wawili walimtafuta mtu wa hadithini kana kwamba anapumua. Mmoja alimtafuta ili ajue kama ametoka. Mwingine alimtafuta ili amtie ndani. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba mkubwa alishtuka kwa sababu alikuwa ameumwa. Serikali ilishtuka kwa sababu ilijua nani anauma.

Tusijione bora. Lile swali la mwanajeshi wa likizo ni letu pia. Ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Mara, Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na mchezo wake wa kejeli, Kaptula la Marx, unaotudhihaki sisi na Ujamaa wetu, aliuandika mwishoni mwa miaka ya sabini. Ulichapwa mwaka 1999. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukiwacheka wezi wa Ilmorog bila kizuizi chochote. Kumcheka jirani hakuhitaji kibali. Ukitaka kujua kejeli imefika, angalia kicheko kinakatikia wapi na nani anakumbuka kwamba ameacha duka wazi.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa mitumba. Umeniuliza hadithi ya kubuni itakusaidia nini. Ng'ombe wa baba mkubwa hawakurudi, sitakudanganya. Yule mwenye nafasi alizikwa kwa heshima zote. Lakini mtu aliyekaa miaka mitatu akiona aibu kwa kosa ambalo si lake, usiku ule alilitoa mdomoni mbele ya watu. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa kijiji, alisimama akalisema tena mbele ya viongozi, kwa majina, na wazee waliokuwa kwenye chungu wakasimama nyuma yake mmoja mmoja, katekista wa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna aliyewaambia watoto kwamba alikuwa amesafiri.

Ile nakala ya Mwalimu ninayo mimi. Jalada halipo, na kurasa za katikati zina madoa ya pombe. Nitakuletea Jumamosi hapo kwenye banda lako. Sharti ni moja: usiisome peke yako. Soma kwa sauti, wenzako wa banda la kulia na la kushoto wasikie. Ukifika mahali patamu unyamaze, uwatazame.

Chai ya siku hiyo nitanunua mimi.